Kimbunga hupimwa kwa upepo, lakini huua zaidi kwa maji

Kimbunga kikitangazwa, swali la kwanza huwa ni lile lile: upepo una kasi gani? Nadhani tunaanzia pabaya.

Kinachokilisha ni joto la bahari. Maji yawe na nyuzijoto 26.5 hivi au zaidi, tena si ya juu tu. Joto hilo lifike kina cha kama mita 50, la sivyo upepo ukishaikoroga bahari, maji baridi hupanda na kukidhoofisha. Mvuke hupanda, ukageuka mawingu, na hapo huachia joto lililoufanya uwe mvuke. Hewa ya katikati huwa nyepesi, mgandamizo hushuka, hewa ya pembeni hukimbilia kuziba pengo. Mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo. Karibu sana na Ikweta mpindo huo ni hafifu mno, ndiyo maana vimbunga havizaliwi hapo. Na upepo wa juu ukitofautiana sana na wa chini, mawingu huvurugika kabla hayajajipanga.

Jicho, yaani sehemu tulivu ya katikati ya kimbunga, likipita juu yenu, upepo hutulia, pengine hata jua huonekana. Msitoke. Upande wa pili wa ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho unakuja, na safari hii upepo unatoka uelekeo wa kinyume: paa lililolegezwa mwanzo ndipo linapong'oka.

Lakini turudi kwenye maji. Upepo huisukuma bahari nchi kavu, na ufuo wenye kina kifupi hupata mlundiko mkubwa zaidi. Kusini mwa Ikweta upande wa kuogopwa ni wa kushoto wa njia ya kimbunga, kwa kuwa huko ndiko upepo na mwendo wa kimbunga huungana. Kaskazini ni kulia. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, hivyo ukuta usiotetereka kwa upepo huweza kubomoka kwa wimbi.

Kisha mvua. Kimbunga Idai kilipiga karibu na Beira, Msumbiji, Machi 2019, na siku zilizofuata mito Buzi na Pungwe ikafurika hadi bara ikaonekana kama bahari. Machi 2023, kimbunga Freddy kilipofika Malawi upepo wake ulikuwa umeshapungua. Kwa kasi ya upepo peke yake, mtu angesema hatari imepita. Mvua haikupungua, na udongo wa milimani ukaporomokea nyumba za Blantyre.