Mfumo wa matone Uru: kugundua uvujaji na tangi linalofurika

Wiki hii nimemaliza kufunga sensa zote, kwa hiyo naandika mfumo wetu wa umwagiliaji wa matone hapa Uru, Moshi, ulivyo sasa. Tangi la lita 1,000 limekaa juu ya mnara wa mita 2. Linajazwa na maji ya mfongo (mfereji wa jadi ambao majirani tunagawana kwa zamu) siku ya zamu yetu kupitia paipu ya robo tatu inchi iliyoanzia juu ya shamba, kisha maji yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone ya nyanya na hoho, pembeni ya migomba.

Kinachonisukuma ni zamu. Tangi likifurika usiku, maji yanayomwagika ni ya mfongo mzima. Mzee anayesimamia mgawo aliwahi kupita asubuhi na kukuta njia imelowa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba. Kijana, haya maji ya njiani ni ya jirani yako wa chini." Alikuwa na haki kabisa. Boya la kufunga maji tangi likijaa lilikuwa limekwama kwa mchanga na halikufunga.

Uvujaji wa presha ndogo ni mgumu kuuona. Mita 10 za kimo cha maji ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), hivyo mnara wa mita 2 unanipa bar 0.2 tu. Paipu ikipasuka hairushi maji juu, inalowesha udongo chinichini, na udongo wetu wa volkano unanywa yote kabla hujaona dimbwi. Kwa hiyo kipimo ni lazima, macho hayatoshi.

Hesabu ya mtiririko imenichukua muda kuliko kitu kingine. Nina vitundu 600 vya matone kwenye mipira, na karatasi ya mipira inasema lita 1.6 kwa saa kila kimoja, lakini hiyo ni kwa bar 1. Kitundu cha kawaida, kisichojirekebisha, hutoa maji kwa kufuata kipeuo cha pili cha presha: ikishuka hadi bar 0.2, maji yanashuka hadi chini kidogo ya nusu. Napata karibu lita 7 kwa dakika tangi likikaribia kuisha. Likiwa limejaa, maji yamepanda karibu mita 1.05 zaidi, na mtiririko unakaribia lita 9. Ndiyo maana sikuweka kikomo kimoja cha kengele. Ningeweka 8, tangi lililojaa lingepiga kelele bure, na ningeweka 10, mpasuko wa wakati tangi limebaki robo ungepita bila kuonekana. Sasa bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma sensa) inasoma kimo cha maji kwanza, inakokotoa mtiririko unaotakiwa, kisha inalinganisha na mita ya mtiririko. Ukizidi, kuna mpasuko. Ukipungua, chujio au vitundu vimeziba. Mita moja inanipa habari zote mbili, na hilo limenifurahisha sana.

Mita yenyewe ni YF-S201, inayotoa takriban mipigo 450 kwa lita, ila usiamini namba hiyo mpaka uijaribu kwa ndoo ya lita 20. Chini ya lita 1 kwa dakika haioni vizuri. Koki inayodondosha inakwepa hapo, kwa hiyo kipo kipimo cha usiku: koki ya kuingiza na ya kutoa zote zinafungwa, kimo kinaandikwa jioni na alfajiri. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.1, sentimita 1 ni karibu lita 9.5. Kimo kikishuka, tatizo liko kwenye tangi au kwenye koki zake. Kisipobadilika, nafungua koki ya kutoa na kufunga zile za mwanzo wa kila mstari, narudia usiku unaofuata, na hapo laini kuu inajieleza.

Kufurika kunalindwa na swichi ya boya iliyo juu ya kimo cha kawaida, chini kidogo ya paipu ya maji ya ziada. Paipu hiyo ni ya inchi 2, kwa sababu maji yanayotoka hayana msukumo kama yanayoingia. Swichi nimeiunga ili kukiwa salama umeme upite, na boya likipanda ukatike. Panya akitafuna waya, au jembe likiukata, bodi inaona kama tangi limefurika na inatuma meseji. Ingekuwa kinyume, waya uliokatika ungefanana na amani. Kwa sababu hiyo hiyo bodi inatuma meseji kila siku saa 12 asubuhi hata kama hakuna jambo. Isipofika, napanda kwenye mnara kuangalia betri na paneli ya sola.

Kila mwanzo wa mwezi navuta boya kwa kamba hadi meseji iingie, na nafungua koki ya mwisho wa laini kuigiza mpasuko. Chujio linaoshwa kila baada ya zamu, na wakati wa masika litahitaji zaidi.

Kinachofuata ni kidimbwi kidogo cha kutulizia mchanga kabla ya paipu ya kuingiza, kiwe tayari kabla ya Machi, na mita ya pili upande wa kuingia ili nilinganishe kilichoingia na kilichotoka kwa kila zamu.