Mbegu safi ya muhogo nimeipata, na wala si GMO

Hapa Mtama, mkoani Lindi, ukitaja mbegu ya muhogo ya kituo cha utafiti cha Naliendele hakosi mtu wa kukuambia, "Hiyo GMO, ukirudia kupanda haioti." Inanichosha. GMO maana yake ni mmea uliotiwa jeni maabara. Muhogo tunapanda pingili, na pingili huzaa mmea uleule wa mama yake, uwe umetiwa jeni au haujatiwa. Kinachoharibu mbegu ya kurudia ni ugonjwa unaosafiri ndani ya pingili: batobato, inayokunja majani na kuyatia mabaka, na michirizi kahawia, inayoozesha mizizi. Kiroba na Mkuranga 1 ni aina za kuchagua na kuchavusha, hakuna jeni iliyopandikizwa. Mahindi ya GMO yaliwahi kujaribiwa nchini, huko Makutupora, Dodoma, na Januari 2021 serikali ilitangaza kusitisha majaribio ya GMO.

Ushauri mwingine mbovu ni huu wa "chagua mashina manene siku ya kuvuna". Siku hiyo majani ya chini yameshapukutika, na michirizi kahawia hujionyesha kwenye majani hayohayo: umanjano unaofuata mishipa, huku yale ya juu yanang'aa kijani. Shina linaweza kunenepa vizuri tu na mizizi imeoza.

Mimi naanza mapema, muhogo ukiwa na miezi mitatu hadi sita. Napita asubuhi, jua halijawa kali, nainama kutazama majani ya chini. Mche safi naufunga kitambaa cha khanga kuukuu. Narudia kabla majani hayajadondoka; kitambaa cha mche ulioonyesha dalili nakitoa. Siku ya kuvuna navuna yenye vitambaa kwanza, kila mzizi naukata vipande vitano hivi kwa kukingama, maana doa la kahawia lililokauka kama gome huweza kujificha katikati na ncha zote mbili zikawa nyeupe. Likionekana hata kwenye mzizi mmoja, mashina ya mche huo yote ni kuni. Gharama ni khanga hiyo na jasho.

Pingili ziwe za katikati ya shina, sentimita 20 hadi 30, macho matano au zaidi. Ukipanda kwa nafasi ya mita moja kwa moja, ekari inameza pingili kama 4,000.

Muhogo wa jeni siupingi kwa uvumi. Kenya mwaka 2021 iliruhusu mmoja uendelee na majaribio ya kitaifa. Umetiwa kipande cha kirusi cha michirizi, ili mmea ukitambue kirusi na kukikatakata kabla hakijazaliana. Faida yake, aina unayoipenda kwa makopa unabaki nayo. Wasiwasi wangu ni kirusi kubadilika na kinga hiyo kulegea. Tena kipande hicho hakizuii batobato. Hiyo inataka kinga nyingine. Kwa hiyo hata ungefika huku, inzi weupe wangeendelea kuleta batobato, na majani ungeyakagua vilevile.

Mche uliojikunja majani ukiwa mdogo ng'oa mara moja, uuzike mbali na shamba.