Khanga Mgongoni mwa Mama

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari niliporudi Pangani kwa likizo na kumkuta mama akilalia ubavu mmoja tu. Miezi mitano kabla alikuwa ameugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikwisha kukauka, yakabaki makovu yaliyozunguka ubavu wa kushoto, na zahanati iliyomtibu ikamwambia kuwa amepona, na kwamba maumivu anayoyataja ni ya uzee. Jioni ile, upepo wa bahari ulipoanza, nilimfunika mgongoni khanga ya siku nyingi, laini kabisa, naye akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

“Itoe, mwanangu! Inaniunguza.”

Nakiri kwamba hadi dakika ile nami nilikuwa nimeanza kuyaamini maneno ya zahanati.

Usiku nilifungua daftari langu la fiziolojia. Mwaka 1983, huko London, mtafiti Clifford Woolf alijeruhi mguu wa panya kwa joto, akapima seli za neva zinazoukunja mguu huo, akakuta kwamba hata baada ya kuutia ganzi mguu wenyewe, seli hizo ziliendelea kuitika kupita kiasi. Jeraha lilikuwa limenyamazishwa, lakini uti wa mgongo haukutulia. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa ajili ya mtihani. Usiku ule niliyasoma kwa ajili ya mama. Virusi vya tetekuwanga ya utotoni, vilivyojificha miaka mingi katika vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, vilikuwa vimeamka na kuziharibu neva za ubavuni, nazo zikawa zinatuma ishara bila kuguswa. Ishara hizo zinapomiminika mfululizo, magnesi inayoziba baadhi ya milango ya seli za uti wa mgongo huondoka, kalisi huingia, na seli huwa nyepesi kushtuka kiasi kwamba hata mguso wa kitambaa hufika ubongoni ukiwa maumivu.

Asubuhi nilimweleza yote, taratibu. Amitriptilini aliyoandikiwa baadaye ilimpunguzia maumivu bila kuyamaliza, lakini asubuhi ile hakuuliza habari za dawa.

“Kwa hiyo sikuwa nadeka?”

“Hukuwa unadeka, mama. Neva zako ndizo zilizodhurika.”

Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mama mkubwa kutoka jikoni na kuniomba niyarudie maneno yale mbele yake, tangu mwanzo.