Siku yangu ya kuosha udongo

Saa 12 na nusu asubuhi. Boda boda inanishusha chini ya jabali, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, si mbali na Kakapel, mwamba ambako mabaki ya watu wa kale yamechimbuliwa. Wenzangu, wachimbuaji wa mambo ya kale, wanashuka shimoni na miiko yao, ndio hupigwa picha. Mimi nashika mitungi, naenda mtoni.

Saa 1 hadi saa 4: maji. Lita 20 kila safari.

Saa 4 naanza kuosha. Udongo unaingia kwenye pipa la maji, nakoroga taratibu kwa mkono. Mawe, mifupa na vigae vinazama, makaa yanaelea, na humo ndimo zilimo mbegu zilizoungua kwenye meko ya watu wa kale. Mbegu nzima ingeoza zamani. Iliyogeuka makaa haina wa kuila. Nakinga kwa kitambaa, nafunga, naandika namba ya tabaka, naanika kivulini, maana jua huzipasua. Udongo wa Abu Hureyra, kijiji cha kale kule Syria, nao ulioshwa hivihivi, kabla ziwa la bwawa halijaumeza miaka ya 1970. Habari za wakulima wa kwanza zimetoka kwenye matope, ndugu zangu.

Saa 5 akaja mzee. Akapindua ndoo yangu, akaikalia.

"Kijana, dhahabu mmefikisha kilo ngapi?"

"Hakuna dhahabu, mzee. Tunatafuta mbegu."

"Mbegu." Akacheka mpaka akakohoa. "Watu na magari yao, mbegu?"

Nikamwonyesha punje nyeusi kiganjani. Nikamweleza kwamba Kakapel zilipatikana kunde zilizoungua za miaka 2,300 hivi, na wimbi pia. Akaitazama punje, akanitazama mimi.

"Sawa. Na dhahabu?"

Ndoo ile nilikuwa naihitaji. Kumwinua mzee wa watu sikuweza, nikachota kwa sufuria.

Mchana, sijui saa ngapi, kiuno kimekufa, vidole vimekunjamana, bado yupo. "Kunde hata mke wangu anazo. Gunia."

Hapo nikasimama. Kunde za kienyeji tunazihitaji kweli, ili tuzifananishe na za kale.

"Mzee, naomba konzi moja."

"Za kupika?"

"Za kuchoma. Ziwe makaa."

Aliondoka bila kuaga.

Jua likizama nafunga mafurushi ya mwisho, mjukuu wake akaja mbio na mfuko.

"Babu anasema, nyingine ule."