Siku moja wodi ya moyo

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokezana zamu kitanda kwa kitanda. Kijana wa dirishani kaamka na nyuzi 39. Kaletwa jana jioni: homa ya wiki nyingi, kukonda, pumzi fupi, na "malaria" aliyoitibu bila kupima. Tunashuku endokaditisi: vijidudu kuota kwenye vali, vile vilango vya moyo vinavyoelekeza damu.

Saa 2. Natoa damu ya kuotesha vijidudu maabara, seti tatu, kila moja kwa tundu lake, kabla antibayotiki haijaingia. "Sista, damu yote hiyo?" Namuuliza mama yake kama kuna dawa ametumia. Anafungua pindo la khanga: amoksisilini na siprofloksasini za duka la dawa, zimeliwa nusunusu. Hapo ndipo nachoka. Vidonge hivyo haviui vijidudu vilivyojikita kwenye vali, ila vinatosha kuvizuia visiote maabara. Matokeo yakirudi hayana kitu, tutatibu kwa kukisia. Mimi simlaumu mama. Namlaumu anayeuza antibayotiki kama pipi.

Saa 4, raundi. Eko, ile ultrasaundi ya moyo, inaonyesha kinyama cha vijidudu kinachezacheza kwenye vali ya mitro, ya upande wa kushoto. Vali yenyewe iliharibika utotoni kwa homa ya rumatiki, ile inayofuatia koo la mtoto lisipotibiwa vizuri. Alikuwa anachomwa penisilini kila wiki nne ili homa hiyo isirudi, akaacha alipohama mji.

Intani, daktari aliye mafunzoni, anashangaa: kitabu chake kinazungumzia wazee. Ni kweli, kwa Ulaya na Marekani wagonjwa sasa ni watu wazima wenye vali za bandia na betri za moyo, na kijidudu stafilokokasi aurea kimewapita streptokokasi wa mdomoni kwa kuleta ugonjwa huu. Kwetu bado ni vijana wa rumatiki. Lakini hata hapa sura zinaongezeka. Kitanda cha pili ni mama anayesafishwa damu kwa mashine (dayalisisi), vijidudu vilipitia mpira wa shingoni. Cha mlangoni ni kijana aliyekuwa akijidunga heroini. Yeye kashikwa vali ya upande wa kulia wa moyo, na vipande vinavyomeguka vinaenda mapafuni. Vya upande wa kushoto huenda mwilini kote, hata kwenye ubongo, ndiyo maana kila nikipita kwa yule wa dirishani namwambia atabasamu na anyanyue mikono yote miwili, nione kama hajapata kiharusi. Anadhani namtania. Huyu wa mlangoni tutamuunganisha na kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini. Muhimbili walianza huduma hiyo 2011.

Saa 6. Dripu, dripu, dripu. Wiki nne hadi sita za dawa ya mshipa, na ukiongeza jentamaisini, antibayotiki nyingine, lazima uchunge figo na masikio. Chai naimalizia nimesimama.

Saa 8. Mama ananivuta pembeni. "Mwanangu, atapona?" Simfichi: hata penye kila kifaa, karibu mmoja kati ya watano hafiki nyumbani, na vali ikizidi kuvuja dawa peke yake haitoshi, atahitaji upasuaji. Anauliza bei. Namwita ofisa ustawi wa jamii.

Saa 9. Binti mwenye vali ya bandia anasubiri ruhusa. Namweleza: ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno una vali, utameza amoksisilini gramu 2 kama saa moja kabla, vijidudu vya mdomoni visifike kwenye vali. Mswaki kila siku, hilo lina uzito kuliko kidonge chochote. Anacheka kidogo, anashika shavu. Kuna jino linamuuma tangu Idi. Namrudisha kwa daktari akaandikiwe rufaa ya meno kwanza, ruhusa itasubiri.