Kinyonga wa Chapman: kuonekana tena si kupona

Mwezi Agosti mwaka 2021 vyombo vingi vya habari vilitangaza kwa shangwe kwamba kinyonga mbilikimo wa Chapman, ambaye ilihofiwa kwamba huenda ameshatoweka, ameonekana tena katika misitu ya kusini mwa Malawi. Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, ila jinsi ilivyotangazwa ingemfanya msomaji adhani kuwa mnyama huyu ameshavuka hatari. Hakuvuka. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, anawekwa kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na utafiti ule ule ulioshangiliwa ndio ulioeleza kwa nini anastahili kuwekwa hapo.

Kwa jina la kisayansi anaitwa Rhampholeon chapmanorum, naye alielezwa rasmi mwaka 1992 na Colin Tilbury kutokana na vinyonga waliopatikana katika vilima vinavyoitwa Malawi Hills, karibu na mji wa Nsanje. Akiwa mzima hufikia urefu wa sentimita 5.5 hivi, mkia ukiwemo. Mchana hutembea chini, juu ya majani makavu yaliyorundikana chini ya miti, na rangi yake ya hudhurungi humfanya aonekane kama jani jingine lililonyauka. Usiku hupanda kijiti kifupi, akakishika kwa miguu yote na kulala, huku rangi yake ikipauka. Ndiyo maana watafiti wa vinyonga hufanya kazi yao gizani: mwanga wa tochi ukimpata, yule aliyekuwa haonekani mchana kutwa hung'aa juu ya kijiti chake.

Watu wengi hudhani kwamba daraja la hatari hupangwa kwa kuhesabu wanyama waliobaki. Kwa kiumbe anayejificha kiasi hiki, hesabu ya namna hiyo haiwezekani, kwa hiyo wataalamu hutumia zaidi kigezo cha eneo: spishi ambayo makazi yake halisi hayafiki kilomita za mraba 10, yakiwa yamekatika vipande na yakiendelea kupungua, yaweza kuingizwa katika daraja hilo hata kama hakuna anayejua idadi yake. Kwa maneno mengine, kinachopimwa ni msitu. Watafiti walipolinganisha picha za angani za miaka ya 1980 na zile za karibuni, waligundua kuwa takribani asilimia 80 ya msitu wa Malawi Hills ulikuwa umetoweka kufikia mwaka 2019, sehemu kubwa ikiwa imegeuzwa mashamba. Nsanje ni wilaya ya wakulima wadogo, na sioni haki ya kumlaumu mtu anayefyeka ili apande chakula cha watoto wake. Lakini kinyonga huyu hawezi kuishi shambani, kwa kuwa anahitaji kivuli, unyevu na zulia la majani makavu.

Tilbury mwenyewe aliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1998 vinyonga 37 walichukuliwa kutoka Malawi Hills na kuachiliwa katika kipande cha msitu huko Mikundi, takribani kilomita 95 kaskazini mwa vilima hivyo. Ilikuwa hatua ya kubahatisha, maana kupeleka mnyama mahali ambapo hakuwahi kuishi kunaweza kuwasumbua viumbe wengine waliopo, lakini walipofuatiliwa mwaka 2001 na tena mwaka 2012 walikutwa bado wapo. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa kundi linalotokana na wazazi 37 tu haliwezi kubeba urithi wote wa spishi nzima.

Suala hilo la urithi ndilo lililonigusa zaidi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Krystal Tolley ilipita usiku kwa tochi katika vipande vya msitu vilivyobaki na kukuta vinyonga makumi kadhaa, wakubwa kwa wadogo. Baadhi yao walikatwa ncha ya mkia, kipande cha milimita 2 hivi, ili vinasaba vichunguzwe. Matokeo yalionyesha kwamba makundi ya kipande kimoja na kingine yamejitenga, dalili ya kuwa hayachanganyiki katika kuzaliana. Kwa mnyama wa ukubwa huu, anayetembea kwa kusitasita na asiyethubutu kutoka kivulini, shamba la mita mia chache ni kizuizi kamili.

Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya vinyonga wa jenasi hii inadhibitiwa na mkataba wa CITES, jambo jema, lakini halizuii jembe. Watafiti walipendekeza jambo gumu zaidi: ufyekaji wa vipande vilivyobaki usimamishwe mara moja, kisha msitu urejeshwe katikati yake ili vipande viungane. Mimi ningeanza na kuviunganisha vile viwili vilivyo karibu zaidi, kwa miti ya asili ya palepale, na wakazi wanaolima hapo walipwe kwa kuipanda na kuitunza. Miche itachukua miaka mingi kabla ya kutoa kivuli cha kutosha, nayo majani makavu ya kuifunika ardhi yatachelewa zaidi, kwa hiyo kila msimu wa kulima unaopita bila kazi hiyo kuanza unazidi kuliweka mbali daraja jingine lolote kwa kinyonga huyu.