Nyuzi 127 ambazo hazikuwepo

Wiki nzima nimehangaika na kompyuta yangu ya mezani. Programu ya kupima joto ilikuwa na mstari mmoja mwekundu: nyuzi 127. Haipandi, haishuki. Nikafungua kasha, nikapuliza vumbi, nikafuta ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kupaka mpya. Nawasha: 127 ileile.

Juzi alfajiri nikaiwasha ikiwa imezimwa usiku kucha. Bado 127! Hapo akili ikanifunguka, maana maji yenyewe yanachemka kwa 100. Nikagusa hitisinki, kile chuma kinachopoza prosesa, kwa kidole: baridi kabisa. Kumbe chipu inayosoma joto kwenye ubao mama ina pini kadhaa za vihisi vya joto, na si zote zinazounganishwa. Ile isiyo na kihisi programu inaisoma tu, na mara nyingi hutoa 127, namba kubwa kuliko zote ambayo baiti moja (kipimo kidogo cha data) yenye hasi na chanya inaweza kubeba.

Ila prosesa nayo, Ryzen 7 1700X, ilisoma 58 bila kazi yoyote. Nikachimba zaidi. Modeli hiyo ya mwaka 2017 watengenezaji wake, AMD, waliiwekea nyongeza ya makusudi ya nyuzi 20 kwenye namba inayoongoza feni. Programu yangu ya zamani haikuiondoa nyongeza hiyo. Nimeweka toleo jipya, sasa inasoma 38.

Nilikuwa nimeshatenga hela ya feni mpya. Nimeirudisha kwenye ada ya mtoto.